Kuzamia peke yako: cheti, mtungi wa pili na maswali yenu

SWALI: Habari za kazi hapo gazetini. Mi ni daivumasta (kiongozi wa wazamiaji) Nungwi, karibu kila siku naingia na wageni, wengine ndo kwanza wamemaliza kozi ya mwanzo. Kwenye karatasi mgeni ndo mwenza wangu, lakini regulata yangu, yaani kifaa kinachonipa hewa ya mtungi, ikigoma kwenye mita 18 yule mgeni hata hajui vizuri oktopasi yake, ule mdomo wa ziada wa kumpa mwenzio hewa, imening'inia wapi. Nasikia kuna cheti cha kuzamia peke yako, je kinanihusu? Bosi anasema hicho ni cha watu wanaotafuta sifa.

JIBU: Kinakuhusu sana ndugu yangu, tena wewe unakihitaji kuliko hata yule anayetaka kwenda peke yake kwa kupenda, maana yeye amechagua na wewe kazi ndo imekuweka hapo. Mwalimu mwenye wanafunzi, daivumasta mwenye wageni wapya, mpiga picha ambaye mwenzie keshaenda mbele hata haonekani, wote hao wako peke yao hata kama kwenye boti wameandikwa wawili wawili.

Vyeti vinavyojulikana zaidi ni viwili vya mashirika ya mafunzo ya kuzamia, SDI wana Solo Diver na ndo walioanza, halafu PADI wana Self-Reliant Diver. Pote wanataka uwe umeshapita daraja la advanced na uwe na mbizi 100 kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za mbizi zako. Umri PADI ni kuanzia miaka 18, SDI 21. Kozi yenyewe fupi, kwa PADI ni mbizi tatu baharini, na humo utapimwa unatumia hewa kiasi gani kwa dakika, utaogelea bila maski, utahamia kwenye hewa ya akiba, utarusha boya ukiwa chini na kurudi kwa dira bila kumfuata mtu.

Sasa kwenye hewa ya akiba naomba unielewe vizuri kwa sababu hapa ndo wengi wanajidanganya. Oktopasi yako haihesabiki. Ile imefungwa kwenye regulata moja na mtungi mmoja na mdomo wako wa kawaida wa kuvutia hewa, oringi (kile kimpira cha kuzuia hewa isivuje) ikipasuka au mtungi ukiisha vyote viwili vinakufa pamoja, yaani oktopasi ni ya kumpa mwenzio, sio ya kukuokoa wewe. Unahitaji mtungi wa pili wenye regulata yake na geji yake ya kuonyesha presha iliyobaki. Piga hesabu: mtungi wa lita 3 uliojazwa bar 200 una lita 600. Tuseme umeshtuka, unavuta kasi ambayo huku juu ingekuwa lita 30 kwa dakika, kwenye mita 30 presha ni mara nne ya huku juu kwa hiyo zinakwenda lita 120 kila dakika. Weka dakika moja ya kujipanga hapo chini, kama dakika tatu za kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, dakika tatu za kusimama kwenye mita 5, jumla inakaribia lita 500, kwa hiyo unafika na kidogo kinabaki. Vile vichupa vya nusu lita watu wanavyofunga kiunoni vina lita 100 tu, kwa kina hicho hata dakika haiishi. Na ufungue mtungi wa akiba kabla hujaruka, uweke mdomo wake kifuani, rangi tofauti kabisa, usije ukaanza mbizi unavuta akiba yako bila kujua.

Vingine ni maski ya pili, kompyuta mbili, boya na kamba yake, firimbi, na vitu viwili vya kukatia ambavyo kila mkono unaweza kuvifikia. Kwenye bahari yetu hilo la mwisho sio mapambo, mishipi na vipande vya nyavu vimejaa kwenye matumbawe.

Ila mwambie na bosi wako ukweli huu: hakuna mtungi utakaokusaidia ukizimia au moyo ukigoma chini ya maji. Hapo anahitajika mtu. Ndo maana daktari akupime kabla, na siku mwili haueleweki usiingie, mwachie mwingine kundi lako.

SWALI: Mimi niko Muscat, nina mbizi 60. Napenda kupiga picha vidude vidogo vidogo na kila mwenza ninayepangiwa anachoka kunisubiri. Siwezi kuanza kwenda mwenyewe taratibu huku nazikusanya hizo 40 zilizobaki?

JIBU: Hapana kaka, usianze. Hizo mbizi 100 ni muda wa kukutana na matatizo ukiwa bado na mtu wa kukushika, na kamera ndo inakula akili kabisa, mtu anamfuata konokono wa baharini anakuja kutazama geji bar zimeshuka na mkondo umemsogeza. Tafuta mpiga picha mwenzio, wawili wenye ugonjwa mmoja mtakaa kwenye jiwe moja saa nzima na hakuna atakayelalamika. Mtungi wa akiba unaweza kuanza kuufanyia mazoezi sasa hivi na mwenza, chini ya mwalimu. Na ukishapata kadi jua kwamba senta ya kuzamia bado inaweza kukukatalia, boti ni yao, bima ni yao, uliza kabla hujalipa na soma pia bima yako inasemaje.

SWALI: Mwanangu ana miaka 19, anazamia huku Tanga na anataka hiyo kozi. Naogopa. Nimkataze?

JIBU: Shikamoo mama. Kwa umri wake PADI watamruhusu akiwa na mbizi zake 100, SDI wangemwambia asubiri miaka miwili. Mi nisingemkataza kozi kwa sababu hata asipozamia peke yake maisha yake yote, akitoka pale atakuwa mwenza mzuri zaidi. Ila muulize maswali, mama ana haki hiyo. Mwambie akueleze hewa ya akiba anabeba kiasi gani na kwa nini, nani huku juu anajua ameingia wapi na anatoka saa ngapi, na muda huo ukipita hajaonekana nahodha atafanya nini. Muulize pia kuhusu maji. Bamvua mkondo unakwenda kwa nguvu, maji mafu yanatulia, na kijana anayesema ataingia peke yake bila kuangalia mwezi uko wapi huyo bado, kadi au hana kadi. Usiku, ndani ya meli iliyozama na kwenye mikondo asiende peke yake. Akikujibu hayo yote bila kubabaika, mpe nauli aende kwa mwalimu.