Kama hupewi usteringi, mtazame Lon Chaney

Nikimwambia mtu kwamba naigiza, swali la kwanza ni lilelile: "Umewahi kuwa steringi?" Mhusika mkuu sijawahi kuwa. Mimi ndiye yule baba mwenye nyumba anayedai kodi, mganga wa kijijini, mlinzi wa getini, mlevi wa kilabuni. Vijana wanaonifuata kuomba ushauri nao wanapewa nafasi hizohizo, ila wanaziona kama adhabu. Hao huwaambia wakamtazame kwanza Lon Chaney, mwigizaji wa enzi za filamu zisizo na sauti, tutaongea baadaye.

Chaney alizaliwa mwaka 1883 Colorado Springs, Marekani. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Mama alipougua hadi akawa mtu wa kitandani, mtoto aliacha shule ili amuuguze, na habari za nje akawa anamletea kwa mikono, uso na mabega. Baadaye alipoingia Hollywood, filamu zilikuwa hazina sauti. Wenzake walikuwa wakijifunza kuongea bila maneno. Yeye alikuwa amelelewa hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukipewa skripti, icheze bila kutamka neno hata moja, mbele ya mtu ambaye hajaisoma. Mwulize ameelewa nini. Mimi humtumia mke wangu, maana hana huruma. Safari moja nilikuwa na mistari mitatu tu ya kudai kodi. Nilipofanya mazoezi kimya, macho yenyewe yakaenda kwenye sufuria jikoni kwa mpangaji. Basi siku ya kurekodi nikaingia, nikanusa, nikaitazama ile nyama, kisha nikamtazama yeye taratibu. Mwongozaji akaufuta mstari mmoja palepale, kwa sababu "kodi huna, nyama unayo" ilikwisha kusemwa.

Sasa la kazi yenyewe. Chaney alifika Universal, studio ya filamu ya Hollywood, miaka ya 1910 kama mtu wa kuokotwa kwenye kundi la waigizaji wa nafasi ndogo. Alichokuwa nacho ni kisanduku chake cha mekapu. Akihitajika baharia, mzee au jambazi, yeye anageuka kuwa huyo. Ujuzi huo ulimfikisha mbali: mwaka 1929 ndiye aliyeandika makala kuhusu mekapu katika Encyclopaedia Britannica, ile ensaiklopidia maarufu. Nawe usisubiri mtu wa mekapu wa lokesheni, ambaye mara nyingi yuko na steringi tangu asubuhi. Begi langu lina kofia mbili, miwani isiyo na vioo, poda, kipande cha mkaa na shati lililochakaa kwelikweli, si lile la kuchanwa kwa mkasi asubuhi hiyohiyo. Mwongozaji akiniona nimeshakuwa mzee kabla hajaniita, nusu ya mjadala imekwisha.

Kuhusu malipo, Chaney aliomba nyongeza Universal, akanyimwa, akaondoka. Vijana wanapenda sana kipande hiki, na ndipo ninapowashika mkono. Aliondoka akiwa na miaka kadhaa ya kazi mgongoni. Mwaka 1919 akatokea katika filamu ya The Miracle Man, akicheza tapeli anayejifanya kilema kisha "kuponywa" mbele ya umati, na jina likapanda. Mwaka 1923 Universal haohao walikuwa naye tena, safari hii akiwa ndiye Quasimodo, yule mpiga kengele mwenye kibiongo, mhusika mkuu wa The Hunchback of Notre Dame. Omba nyongeza, ndiyo, lakini uwe na kitu ambacho wakikikosa watahangaika kukitafuta.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na mashabiki wake. Wanasifu mno mateso. Katika The Penalty ya 1920, akicheza mtu aliyekatwa miguu, alikunja miguu, akaifunga nyuma kwa mikanda ya ngozi na kutembelea magoti, hali ambayo hakuweza kuivumilia kwa muda mrefu. Sawa, inatisha kuitazama hadi leo. Lakini usiniletee habari za kujiumiza kwa ajili ya filamu ambayo hata nauli ya kurudi nyumbani hawajakupa! Mtazame badala yake katika The Unknown ya 1927, anapocheza mtu anayejifanya hana mikono. Zile sehemu ngumu za kutumia miguu zilifanywa na Paul Desmuke, ambaye kweli hakuwa na mikono. Chaney alibaki na uso, na uso ukatosha. Joan Crawford, aliyecheza naye, wakati huo bado binti mdogo kwenye fani, alikuja kusema kwamba kuigiza alikujua kwa kumwangalia Chaney humo.

Sauti ilipoingia kwenye filamu hakuikimbilia. Alifanya filamu moja tu ya kuongea, The Unholy Three ya 1930, akatoa sauti tano tofauti na kusaini hati ya kiapo kwamba zote ni zake. Agosti mwaka huohuo saratani ilimuua, akiwa na miaka 47. Sauti basi nayo ifanyie mazoezi, ila iwe ya pili.

Filamu zake kadhaa zinapatikana bure mtandaoni. Anza na The Penalty, zima na muziki wake kabisa, kisha tazama anachofanya mabegani kabla hajageuza kichwa.