Kumwigiza rapa unayempenda: usimcheke yeye, jicheke wewe

Mimi ni mchekeshaji wa sebuleni. Siyo wa jukwaani, wa sebuleni, na makuchu wa Kampala (yaani sisi mashoga na wenzetu) mnajua kwa nini, tangu ile sheria ya 2023 mtu akisema tu unakuza ushoga unaweza kula miaka 20, kwa hiyo simu zote zinaingia kwenye beseni mlangoni, madirisha tunafunga, afu ndo shoo inaanza.

Shoo yangu ni kumwigiza Eminem, rapa wa Marekani. Ndiyo, huyo huyo mwenye mistari ya kututukana, najua, mmeshaniuliza mara mia. Lakini mimi nimekulia kambini, baba mwanajeshi, Kiswahili ndo kilikuwa lugha yetu, Kiingereza bado, na nilikariri pumzi za huyu jamaa kabla sijaelewa hata anasema nini. Na Februari 2001 mwimbaji Elton John, shoga mwenzetu, alipanda naye jukwaani kwenye Grammy wakamaliza wamekumbatiana, kwa hiyo kichaa hiki sijakianzisha mimi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilibana sauti puani, nikarusha mikono, nikavaa hudi kwenye joto lile, watu wakacheka dakika mbili wakarudi kwenye nyama yao. Rafiki akaniambia, "Sebo, huyo unamsema, humwimbi." Iliniuma wiki nzima.

Nikaanza upya na biti ya Lose Yourself, ile iliyoipa rap Oscar yake ya kwanza mwaka 2003. Uzito wake wote sikuugusa. Nilichobadilisha ni mtu: sasa ni mimi, nina shilingi 2000, niko mbele ya muuza chapati, sijui niagize rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) au kikomando (chapati na maharage), na nyuma yangu kwenye foleni kuna kaka mzuri anasikia kila kitu. Banange! Usitabasamu hata kidogo, imba kama unaenda vitani, watu watajigaragaza wenyewe.

Sasa kwenye maneno ndo kuna kazi. Kiswahili karibu kila neno linaishia na vokali, kwa hiyo unaona kula na lala ni vina tayari, hapana bana, mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kina kianzie hapo: chapati, bahati, katikati. Na maneno yetu marefu mno, "nitakununulia" peke yake silabi saba, limeshakula nusu ya mstari! Mimi natumia amri: leta, kata, geuza, funga. Hizo zinapiga kama ngoma.

Wewe unayeweza kuweka video yako hadharani (nakuonea wivu), muombe ruhusa msanii mwenyewe, siyo watu wake. Weird Al Yankovic, yule Mmarekani anayegeuza nyimbo za wenzake kuwa vichekesho, aliambiwa na lebo kwamba rapa Coolio kakubali wimbo wake ugeuzwe, ukatoka 1996, kumbe Coolio hajui, akanuna kwelikweli. Eminem naye mwaka 2003 alimruhusu Weird Al wimbo, video akakataa.

Jumamosi iliyopita beseni lilijaa, simu 14. Nilipomaliza, mgeni mmoja aliyekaa kimya usiku kucha akainuka, nikajua sasa nimekwisha, akasema verse ya pili nimevuta hewa mahali ambapo Eminem havuti. Nikarudia verse nzima. Alikuwa na haki.