Risiti ya babu, dhahabu ya Kakamega na ile miaka 99

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Kangemi hapa Nairobi, lakini kwetu ni Kakamega, upande wa Rosterman. Babu alipofariki tulikuta ndani ya sanduku lake la bati karatasi ndogo ya 1934. Inasema amelipwa shilingi 46 kwa nyumba mbili, migomba na shamba la wimbi, na chini kuna alama ya dole gumba. Ami zangu wanashikilia kwamba mkoloni alikodisha ardhi yetu kwa kampuni ya dhahabu kwa miaka 99, kama alivyofanya Magadi, kwa hiyo muda ukiisha ardhi inaturudia. Tunasikia pia kwamba wachimbaji walipewa vivutio vingi na serikali. Vivutio gani hasa? Kukodishiwa ardhi na kupewa haki ya kuchimba ni kitu kimoja? Na nikitaka kufuatilia, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwanza itoe hiyo karatasi kwenye sanduku la bati, maana bati hushika kutu na kutu hula karatasi. Itie kwenye bahasha safi, ipige picha pande zote mbili, kisha tuendelee.

Kukodishiwa ardhi na kupewa haki ya kuchimba ni vitu viwili, na katika Kenya ya mkoloni vilitolewa kwa sheria mbili, mara nyingi na ofisi mbili. Uliyo nayo wewe si hiki wala si kile. Ni stakabadhi ya fidia: mtu ameondolewa mahali au ameharibiwa mali ili mchimbaji apite. Haimpi babu yako hati, na haiipi kampuni miaka 99. Lakini inathibitisha jambo ambalo ami zako hawajalitaja, kwamba mwaka 1934 babu alikuwa na nyumba mbili zilizosimama na wimbi shambani mahali pale, na serikali yenyewe ilikubali hivyo kwa maandishi.

Sasa sheria. Mwaka 1902 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya wakati huo, ilitunga Sheria ya Ardhi za Taji (Taji ni ufalme wa Uingereza), iliyoiwezesha kuuza ardhi au kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba miaka 99 haitoshi mtu kutia fedha zake, na mwaka 1915 ikaja sheria mpya iliyoruhusu mashamba kukodishwa kwa miaka 999. Rudia kuisoma hiyo namba. Sheria hiyo hiyo ya 1915 ikaweka ndani ya maana ya "ardhi ya Taji" hata ardhi waliyokuwa wakikaa na kulima Waafrika. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua mahakamani kwamba Mwafrika aliyekuwa juu ya ardhi hiyo ni mpangaji tu, anayekaa kwa ridhaa ya Taji na anayeweza kuondolewa.

Lakini hata mlowezi mwenye miaka 999 alikabidhiwa tabaka la juu peke yake. Madini yaliyo chini yalibaki ya Taji isipokuwa hati iseme wazi vinginevyo. Ndiyo sababu mchimbaji alihitaji karatasi zake za pembeni, nazo zilikwenda kwa hatua. Alianza na leseni ya kutafuta madini, kwa ada ndogo, iliyomruhusu kuzunguka na kuchimbua hapa na pale. Akiona dalili alipigilia vigingi kwenye pembe, akabandika notisi, akaenda kusajili kitalu. Kitalu kikionyesha mwamba wenye mali, ndipo aliomba mkataba wa uchimbaji, ambao ulihitaji ramani iliyopimwa, kodi ya mwaka, na mrabaha, yaani malipo kwa serikali kulingana na kile alichotoa. Chini ya sheria ya madini ya 1940, ile tuliyoijua kama Sura ya 306, mkataba huo haukuzidi miaka 21, ingawa uliweza kuongezwa. Kwa hiyo ami zako wakisema "miaka 99", wamechukua muda wa hati za ardhi wakauvisha uchimbaji wa dhahabu.

Magadi imewachanganya wengi, na sishangai. Kule mali yenyewe iko juu, magadi yametanda juu ya ziwa, hivyo huwezi kukodisha ardhi ukaacha madini. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, reli ikachepuka Konza kuteremka hadi ziwani, mwaka 1924 kampuni ikaingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, na miongo mingi baadaye Tata ya India ikainunua Brunner Mond. Huo ni ukodishaji wa eneo kubwa kwa muda mrefu, na kesi yake ni ya peke yake. Usiibebe uipeleke Kakamega.

Nirudi kwenye vivutio, maana hapo ndipo swali lako lina uzito.

Dhahabu ya Kakamega ilitangazwa 1931, baada ya Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, kuikuta. Wakati wenyewe uliwafaa mno masetla. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka, wengi wamelemewa na madeni, na Septemba mwaka huo huo Uingereza ikaacha kuifunga pauni yake na dhahabu, hivyo bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Kwa serikali ya Nairobi iliyokuwa haina kitu kwenye hazina, huu ulikuwa mwanya. Ikamleta mjiolojia Sir Albert Kitson aikague sehemu hiyo na kuandika ripoti, ili mwenye mtaji London asome kabla ya kutoa hata senti. Mwaka 1933 ikaanzisha Idara ya Madini na Jiolojia. Upimaji wa miamba kwa fedha za umma ni kivutio kikubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hasara ya kutafuta bila kupata ndiyo inayowafilisi wachimbaji, na hapa sehemu ya hasara hiyo ilibebwa na mlipa kodi, akiwemo mwenye kulipa kodi ya kichwa na kodi ya nyumba kule kule Kavirondo Kaskazini, wilaya iliyokuwa na Kakamega wakati huo.

Lakini kivutio kikubwa kuliko vyote hakikutoka hazina. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilitamka kwamba ardhi ya rizavu, yaani maeneo waliyoachiwa Waafrika, imetengwa kwa matumizi na manufaa ya wenyeji milele. Ikaongeza kinga: kipande chochote kikitolewa kwa ajili ya jambo la umma, wenyeji wapewe kipande kingine cha ukubwa na thamani ya kulingana, na Baraza la Wenyeji la mahali lishauriwe kwanza. Kavirondo Kaskazini ilikuwa kati ya rizavu zenye watu wengi mno. Ardhi ya kuwapa badala ingetoka wapi kama si kwa masetla? Basi Desemba 1932 sheria ilirekebishwa haraka haraka. Kwa uchimbaji wa madini ardhi mbadala haikuhitajika tena, fedha zikatosha. Na baraza halikuwa lazima liulizwe.

"Milele" ilidumu miaka 2.

Mchimbaji hakupewa ruzuku mkononi. Alipewa ardhi iliyokwisha kuvuliwa ulinzi wake, na bei ikapimwa kwa migomba na nyumba, si kwa ardhi yenyewe wala kwa dhahabu iliyokuwa chini yake. Zile shilingi 46 za babu yako ndizo hesabu hiyo. Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi, na kila ninaposoma rekebisho lile nasikia uchungu ule ule, kwa sababu limeandikwa vizuri. Hakuna neno la matusi ndani yake, na watu wanapoteza makao yao. Siri haikuwa. Arkidikoni Owen, mmisionari aliyeishi Kavirondo, alipinga waziwazi, na Februari 1933 jambo hilo lilijadiliwa hadi Bunge la Uingereza. Utetezi wa serikali ulikuwa kwamba uchimbaji ni wa muda, na wenyeji watarudi.

Wamaasai walikwisha kuyaona hayo. Mkataba wao wa 1904 uliahidi ardhi ya Laikipia muda wote Wamaasai watakapokuwepo kama taifa. Mwaka 1911 wakawekwa kwenye mkataba mwingine wa kuwahamisha kusini. Walipokwenda mahakamani 1913, wakaambiwa mikataba ile si jambo la mahakama kuamua.

Zamani nilikabidhiwa ramani ya kitalu cha dhahabu ya miaka ile nilinganishe na mipaka ya mashamba ya leo. Ilikuwa imegandishwa juu ya kitambaa ili isichanike, mistari kwa wino mwekundu, pembe nne zimeandikwa herufi, kila pembe na kigingi chake. Kijito kimechorwa vizuri, kila kona yake. Ndani ya mipaka kulikuwa na vijiduara saba vilivyotawanyika. Nilidhani ni mashimo ya majaribio. Nilipotazama kwenye ufafanuzi pembeni nikaona ni nyumba za watu. Mpimaji yule alihesabu hadi ekari kwa nukta tatu za desimali, na hakuandika jina la mtu hata mmoja. Ndiyo maana nakwambia risiti yenye jina na dole gumba si kitu cha kuchezea. Inajaza alichokiacha mpimaji.

Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952. Haki ya kuchimba ikishakwisha, ardhi ya juu haibaki inaning'inia ikingoja mwaka wa 99. Baada ya hapo ulikuja uamuzi wa mashamba, yaani kuamua kipi ni cha nani, na usajili, watu wakaandikiwa vipande vyao chini ya sheria ya 1963 kwa jina la sehemu na namba. Hapo ndipo pa kuchungulia kwa makini: kipande cha babu kilisajiliwa kwa jina la nani siku ile ya kwanza? Kwa miongo mingi usajili wa kwanza haukuweza kuguswa na mahakama hata kama ulipatikana kwa hila. Kinga hiyo iliondoka na sheria mpya za ardhi za 2012.

Na msijidanganye kuhusu dhahabu yenyewe. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, yakishikiliwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Hata ukiwa na hatimiliki safi, mshipa ulio chini ya jikoni mwako si wako. Kilichobadilika ni mgao: Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Mwaka 1934 hiyo 10 haikuwepo.

Kwa hapa Nairobi, anza Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue. Lipa ada ya msomaji, panda juu, uombe ripoti za mwaka za wilaya ya Kavirondo Kaskazini kati ya 1932 na 1936 na mafaili ya Mkuu wa Mkoa wa Nyanza yanayotaja madini. Usiulize "Kakamega" pekee, maana wilaya haikuitwa hivyo wakati huo. Kumbukumbu za vikao vya Baraza la Wenyeji ni tamu kuliko ripoti za wakubwa, kwa kuwa humo wazee wanasema wenyewe. Pitia pia Gazeti Rasmi la Serikali la miaka hiyo, kwani matangazo mengi ya maeneo ya madini yalichapishwa humo. Kwa upande wa migodi, uliza Madini House kule Industrial Area. Ramani za zamani ziko makao ya upimaji Ruaraka. Ardhi House usiende kwanza. Utapoteza siku nzima kwenye foleni, na usajili wa vipande vya Kakamega uko Kakamega.

Ukipata karatasi yoyote ya enzi hizo, kabla ya kusoma maneno soma fedha. Ikitaja rupia ni ya kabla au mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1920. Ikitaja shilingi, ni baada ya hapo. Kisha tazama sheria iliyoandikwa juu kabisa. Ikiwa ni ya Ardhi za Taji, mbele yako kuna ukodishaji wa ardhi. Ikiwa ni ya Madini, kuna haki ya kuchimba. Tazama namba: L.R. ni ya kipande cha ardhi kilichopimwa, I.R. ni ya hati katika masjala ya Nairobi. Karatasi isiyo na hata moja kati ya hizo, ikadai miaka 99, itilie shaka.

Mwisho, geuza risiti ya babu uangalie nyuma na pembezoni kama kuna namba ndefu iliyoandikwa kwa mkono. Siku hizo mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, na makarani walizoea kunakili namba yake kando ya dole gumba. Ukiipata, iandike kwenye daftari lako na uende nayo Moi Avenue. Majina yalipotoshwa na makarani kila mara, lakini namba waliinakili kwa uangalifu.