Jibu: Diklofenaki ya mwezi mzima kwa mama mwenye presha? Rudisha!

Mkuu, rudisha hilo boksi dukani leo. Unasema mama ana miaka 62, ana presha, goti limesagika, na umepata diklofenaki, vidonge vya maumivu, ya mwezi mzima kwa bei ya jumla. Mimi nilimnunulia mzee wangu vilevile, tena nikajisifu kwa ndugu zangu kwamba nimebana matumizi.

Goti lilitulia kweli. Mzee akaanza kwenda msikitini kwa miguu, tukashukuru. Kisha miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, usiku akawa analala ameegemea mito maana akilala chali pumzi inambana. Nikarudi kwa yule kijana wa duka la dawa, koti jeupe limepigwa pasi. Akasema eti ni umri, akaniuzia na vitamini juu! Hakuuliza presha, hakuuliza mzee anameza dawa gani nyingine. Fundi pikipiki anauliza maswali mengi kuliko yule. Hospitali wakakuta presha iko juu japo dawa anameza, na moyo umeelemewa na maji.

Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki huzuia kemikali zinazoleta maumivu, ila kemikali hizohizo huisaidia figo kutoa chumvi na maji. Ukizizuia, maji yanabaki mwilini na dawa ya presha inakosa nguvu. Wala si habari mpya. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliondoa Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya kundi hilihili, sokoni dunia nzima baada ya utafiti wake yenyewe kuonyesha mshtuko wa moyo na kiharusi vinaongezeka kwa watumiaji. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema wenye ugonjwa wa moyo wasipewe diklofenaki.

Nichekeni tu, ila nusu yenu humu mnanunua dawa kwa kumwonyesha muuzaji ganda tupu.

Umeuliza pia kama seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zitaponya goti. Kilicho karibu na hilo ni seli za gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo: kuziotesha maabara na kuzirudisha gotini kupo, Waswidi walichapisha kazi yao 1994, lakini ile ni ya pengo dogo la kijana aliyeumia mpirani. Goti lililosagika lote ni habari nyingine. Usiuze shamba.

Presha kwanza, kidonge cha goti baadaye. Muulize daktari kuhusu jeli ya kupaka, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Mama kapimwa lini mara ya mwisho, na anameza nini? Andika majina yote hapa, hata ya dawa za kuokoteza.