Supa nepia imepita paa, maziwa yameshuka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama mfugaji wa Machame, wilayani Hai, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nilinunua vipando vya nyasi za supa nepia, muuzaji akaniapia kuwa protini yake ni asilimia 18. Zimestawi hadi zimepita paa la banda, lakini maziwa ni machache kuliko nilipolisha mabingobingo yetu ya zamani, na horini wanabakiza karibu nusu. Je, nimeuziwa mbegu feki?

JIBU: Marahaba, mama. Mbegu siitilii shaka sana. Ninachotilia shaka ni hilo paa.

Supa nepia ni chotara wa mabingobingo na uwele, aliyezalishwa Pakchong, Thailand. Kukua haraka ndiyo sifa yake, na ndiyo inayokuponza, maana anayekua haraka hukomaa haraka. Kutaja asilimia 18 bila kutaja umri wa nyasi ni kama kutaja uzito wa mtoto bila kusema ana miaka mingapi. Mabingobingo ya kawaida yenye mbolea, yakikatwa kwenye wiki ya sita hadi ya nane, huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10 hivi. Yaache miezi minne, utakuta 5 au 6. Chini ya 7, vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe nyuzinyuzi vinakosa riziki. Chakula kinakawia tumboni, naye anakula kidogo. Chotara hajasamehewa sheria hiyo.

Angalia walichobakiza horini. Naamini ni mabua matupu. Mmea mrefu lazima ujijengee bua gumu ili usianguke, na ugumu huo, lignini, haumeng'enyeki. Bonyeza bua kwa ukucha karibu na chini: ukucha usipoingia, umechelewa. Majani ya chini yakiwa ya njano, umechelewa zaidi.

Kata yakifika mita moja. Wakati wa mvua utafika hapo mapema; kiangazi usihesabu wiki, pima urefu. Usikimbilie kukata machanga mno pia: yanajaa maji, ng'ombe anashiba bila kupata kitu, na shina linachoka. Gawa shamba vipande sita au saba, ukate kimoja kila wiki, na kila ukimaliza kukata rudishia samadi. Wengi tunavuna bila kurudisha, kisha tunailaumu mbegu.

Hayo yaliyokomaa usiyatupe. Bua gumu la miezi mitatu na zaidi ndilo kipando kizuri: kata pingili tatutatu, panda au wauzie majirani. Yanayobaki katakata vipande vifupi, sentimita mbili au tatu. Mashine ya kukatia haiongezi protini, ila inamzuia ng'ombe kuchagua. Changanya na majani ya lukina au kaliandra, miti ya malisho. Kilo tatu za kaliandra mbichi zinakaribia kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Mashudu ya alizeti nayo yanafaa, ukiyamudu bei.

Ukitaka nyasi isiyowahi kuwa na mabua mengi, jaribu Mulato II, chotara wa nyasi za brakiaria. Ana majani mengi kuliko bua, ingawa naye akizeeka protini inashuka. Panda kwenye kontua, yaani mistari inayokatisha mteremko, mama, maana huko kwenu mteremko ni mkali.