Ukienda Wales, anza na ngome ya walioshindwa

Ndugu na marafiki wanaonitembelea huku wakitaka kuona Wales, karibu wote hutaja Caernarfon kwanza, maana ndiyo ngome waliyoiona kwenye picha. Mimi huwapeleka Dolbadarn kabla ya hapo, na nakushauri nawe ufanye hivyo.

Dolbadarn ni mnara wa mviringo uliobaki juu ya kilima kidogo kando ya ziwa, pale Llanberis. Hakuna kiingilio, wala duka la kumbukumbu. Ulijengwa na Llywelyn ap Iorwerth, mtawala wa Gwynedd, yaani kaskazini-magharibi mwa Wales, mwanzoni mwa karne ya 13, ili kulinda njia ya milimani. Mwaka 1282 mjukuu wake, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa na askari wa Mfalme Edward I wa Uingereza, na haukupita muda Wales nzima ikawa chini ya mfalme huyo. Kisha mbao za Dolbadarn zikang'olewa, zikapelekwa kujengea ngome mpya. Ngome hiyo ndiyo Caernarfon.

Ukishalijua hilo, zile kilomita kama 12 kutoka Llanberis hadi Caernarfon utazipita ukiwa na jambo la kufikiria. Ujenzi ulianza 1283. Edward hakuishia kwenye ngome: alijenga na mji wenye ukuta, akawaweka humo walowezi wa Kiingereza, na wenyeji wakazuiwa kuishi ndani. Sisi tuliokulia karibu na maboma ya Wajerumani hatuhitaji kuelezwa sana kusudi la jengo kama hilo.

Ndani, usikimbilie minara. Tafuta ujia uliomo ndani ya ukuta wa upande wa kaskazini. Kuna matundu ya mishale yaliyochongwa kwa namna ambayo wapiga mishale watatu walisimama kila mmoja kwenye pembe yake, na wote wakarusha kupitia upenyo mmoja mwembamba. Weka jicho hapo uchungulie. Unachokiona ni upande wa mji, si bahari. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Ngazi za minarani ni za kujizungusha, nyembamba, na mvua ikinyesha zinateleza; vaa viatu vyenye soli ya kushika. Ukiwa na mzee usimwache nje, kwani tangu 2023 kuna lifti kwenye lango kuu inayofika hadi juu. Treni haifiki Caernarfon kutoka miji mikubwa: shuka Bangor, upande basi. Conwy na Harlech zina stesheni chini ya ngome zenyewe, kwa hiyo asiye na gari ataziona kwa urahisi zaidi.

Ukiwa Bangor, nenda Penrhyn. Kwa mbali utadhani ni ngome ya zamani kuliko zote, lakini ni nyumba ya tajiri, iliyojengwa karne ya 19 kwa kuigiza mtindo wa kale. Hapa ndipo nawaomba watu wasitosheke na kutazama dari na samani. Fedha za ukoo wa Pennant, wenye jumba hilo, zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika, yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, kisha zikawekezwa kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea pale Bethesda. Utumwa ulipofutwa, mwenye jumba, George Hay Dawkins-Pennant, alilipwa zaidi ya pauni 14,000 kama fidia kwa watu 764. Watu wenyewe hawakulipwa chochote.

Humo ndani kuna kitanda kilichochongwa kwa mawe hayo ya Bethesda, chenye uzito wa tani moja, na Malkia Victoria alifika katika jumba hilo mwaka 1859. Kitazame, halafu ukumbuke wachimbaji waliogoma kuanzia 1900 hadi 1903, wakabandika madirishani karatasi zenye maneno ya Kiwelisi: "Nid oes bradwr yn y tŷ hwn", yaani hakuna msaliti katika nyumba hii. Vyumbani hukaa watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wa maeneo hayo. Waulize kuhusu mgomo. Watakueleza mengi kuliko kibao cha ukutani.

Kuhusu tiketi: Caernarfon, Conwy na Harlech zinasimamiwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kale; Penrhyn, pamoja na Erddig na Powis ambayo ni majumba mengine ya Wales, yako chini ya National Trust, shirika la hisani la uhifadhi. Uanachama wa huku haukuingizi kule, basi piga hesabu kabla ya kulipa. Majumba mengi hufunga vyumba au hupunguza saa majira ya baridi. Angalia tovuti asubuhi ile ile unayotoka.

Ikibaki siku moja, nenda Denbigh. Ngome yake nayo ni ya vita vile vile vya 1282, lakini anayesoma Kiswahili ana sababu nyingine ya kufika. Henry Morton Stanley, aliyepita Bagamoyo na kumkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha akamfungulia Mfalme Leopold wa Ubelgiji njia ya Kongo, alizaliwa hapo mwaka 1841. Sanamu yake iko katikati ya mji, imenyoosha mkono kama anayesalimia. Mwaka 2021 wakazi waliitwa kupiga kura kama iondolewe, na waliojitokeza wengi wakataka ibaki. Waulize kwa upole walipigaje kura na kwa nini, na ukiulizwa unatoka wapi, waeleze habari za wapagazi waliombebea mizigo. Treni hakuna, basi la Denbigh linatoka Rhyl.