Bonyeza au bofya? Kwa mwalimu anayerekodi masomo ya LibreOffice

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Morogoro. Nimeanza kurekodi video fupi za kuwafundisha walimu wenzangu kuandika kwa LibreOffice Writer, programu ya kompyuta ya kuandikia. Wengi wao hawajawahi kushika kompyuta. Mwenzangu mmoja amenikosoa: anasema "bonyeza" ni kosa, niseme "bofya". Mwingine ananikataza kuiita "programu ya bure". Nakutumia na kipande cha maelezo yangu: "Sasa tunaenda kubofya Faili, halafu tunaenda kuchagua Hifadhi, halafu nyaraka hii itakuwa imehifadhika." Naomba unisahihishe kabla sijarekodi nyingine.

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Wenzako wote wawili wana hoja, ila wa kwanza amezidisha kidogo.

"Bonyeza" ni Kiswahili safi. Tunabonyeza kengele ya mlangoni, tunabonyeza swichi ya taa. "Bofya" nayo haikuzaliwa na kompyuta. Ndicho anachofanya mnunuzi wa maembe sokoni anapolibinya tunda kwa ncha za vidole ajue kama limeiva, mpaka mwenye meza anamwambia, "Usiyabofyebofye, yatalainika!" Watu wa kompyuta wamelichukua neno hilo la sokoni kwa kazi ya kipanya, na "bonyeza" inafaa ibaki kwa vitufe vya kibodi. Mgawanyo huo naupenda kwa sababu unamwongoza anayejifunza: akisikia "bofya", mkono uende kwenye kipanya, akisikia "bonyeza", uende kwenye kibodi. Kwenye simu tunalo neno jingine kabisa, "gusa".

Lakini ukumbuke kwamba asili ya maneno yote mawili ni kidole. Nilipokuwa namfundisha shangazi yangu kuandika barua, nilimwambia, "Bonyeza hapo juu, palipoandikwa Faili." Akanyoosha kidole, akakibonyeza kioo cha kompyuta. Akasubiri. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kisha akanigeukia. Hakukosea yeye, alifanya nilichomwambia. Tangu siku hiyo, kwa mtu anayeanza, nakitaja kitendo pamoja na kifaa chake: "bofya kwa kipanya", "bonyeza kitufe cha Enter kwenye kibodi". Somo la tatu au la nne, akishazoea, kifaa unaweza kukiacha.

Jihadhari zaidi na "bofya kulia". Wewe unakusudia kitufe cha kulia cha kipanya, lakini asiyejua atakipeleka kipanya upande wa kulia wa skrini na kubofya huko, kisha ashangae kwa nini hakitokei ulichomwahidi. Sema, "Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya." Ni maneno mengi, lakini hayana njia panda.

Sasa jina la programu. "Ya bure" si uongo, maana LibreOffice hailipiwi. Ila "bure" lina ndugu wabaya: amehangaika bure, maneno ya bure, mtu bure kabisa. Mwalimu anayekaa mbele ya mashine kwa mara ya kwanza asisikie kwamba anapewa kitu kisicho na thamani. Tena linaacha nje jambo kubwa, kwamba yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuichunguza ilivyotengenezwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Hilo ndilo "huria". Neno tunalo siku zote, katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria. Kwa hiyo: "LibreOffice ni programu huria, na huilipii chochote." Yote mawili yamesemwa, kila moja kwa neno lake.

Na hujaingia kwenye shamba ambalo halijawahi kulimwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Msamiati wa "faili" na "hifadhi" umeshapita mikononi mwa watu wengi kabla yako, utumie bila woga. Kama kompyuta za wenzako zinaonyesha Kiingereza, taja kwanza neno wanaloliona: "Bofya palipoandikwa Save, maana yake hifadhi." Jicho lao linatafuta maandishi, halitafuti tafsiri.

Nakuja kwenye kipande chako. "Nyaraka hii" haipo. Ni waraka huu, nyaraka hizi. Hata hivyo, kwa kitu kinachoandikwa ndani ya Writer ningechukua "hati". Waraka unanukia ofisi ya serikali, au Paulo akiwaandikia Warumi. Hati inabeba barua, mtihani, hata orodha ya wanafunzi, na haibadiliki katika wingi: hati hii, hati hizi.

"Tunaenda kubofya" iondoe kabisa. Tukisema tunaenda kuchota maji, watu wananyanyuka na ndoo. Hapa hakuna anayekwenda popote. Kiswahili kina namna yake nzuri ya kupanga maagizo: agizo la kwanza linasimama lenyewe, yanayofuata yanalishika mkono. Nenda dukani, ununue mkate, uulete. Vivyo hivyo: "Bofya menyu ya Faili, uchague Hifadhi, uandike jina la hati, kisha ubonyeze Enter." Isome kwa sauti, utasikia inavyotiririka.

Lipo na tatizo la "tu-" yenyewe. Unaposema "tunabofya", mtazamaji hajui kama atazame au afanye. Wengine watafanya, wakose kuona unachoonyesha. Wengine watatazama mpaka video iishe bila kugusa kitu. Mtenganishie. Wakati wa kuonyesha sema "mimi nabofya hapa, wewe tazama tu". Ukimaliza, sema "sasa ni zamu yako, bofya", kisha nyamaza kwa muda wa kutosha mkono wake ukifikie kipanya.